Ukimpeleka hospitali aliyezidiwa na bangi ya maabara

Mgonjwa wa bangi ya maabara ni nadra kufika hospitali peke yake. Huletwa na rafiki, ndugu au mpenzi, na katika miaka yangu ya uuguzi wa dharura nimeona kwamba maneno ya huyo aliyemleta hutusaidia kuliko vipimo vingi tulivyo navyo. Kwa hiyo leo namwandikia yeye, si mvutaji.

Bangi ya maabara huuzwa kwenye pakiti zenye majina kama Spice au K2, na majani yaliyomo ni majani makavu tu. Kinacholevya ni kemikali iliyonyunyiziwa juu yake. Baadhi zilianzia kwenye utafiti halali: JWH-018, iliyobainika ndani ya Spice mwaka 2008, ilitoka katika maabara ya John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani. THC, kilevi kikuu cha bangi ya shambani, huamsha vipokezi vya ubongo kwa kiasi. Nyingi ya kemikali hizi huviamsha kikamilifu. Tena hazinyunyiziwi sawasawa, ndiyo maana wawili huvuta pakiti moja, mmoja akabaki anacheka na mwenzake akaanguka. Usijipe moyo kwa sababu wewe uko salama.

Dalili zake hazina sura moja. Huyu ana fujo, jasho linamtoka, moyo unamwenda mbio na anaona visivyokuwepo. Yule ameduwaa, haitiki hata akiitwa jina. Mwingine anatapika mfululizo au amepatwa na degedege. Mtu aweza kutoka hali moja kuingia nyingine kwa muda mfupi, kwa hiyo habari ya "mwache alale, itamtoka" iacheni.

Ita gari la wagonjwa. Aliyelegea mlaze ubavu, na usimtie chochote mdomoni, iwe maziwa, limau au maji. Mwili ukichemka, mpunguzie nguo, mloweshe, mpepee. Asipopumua, anza kumkandamiza kifua. Mwenye fujo msimkalie mgongoni wala kumbana kifudifudi. Nalisisitiza hili kwa sababu wenye nia njema ndio hulifanya, na mtu aliyepanda joto akihangaika huku kifua kimebanwa anaweza kuwafia mikononi.

Mkifika, semeni yote: alivuta nini, saa ngapi, na alichanganya na pombe au vidonge gani. Pakiti ikiwepo, ifungeni kwenye mfuko mje nayo. Kipimo cha kawaida cha mkojo hutafuta mabaki ya THC, kemikali hizi hakizioni. Nimeona mzazi akishusha pumzi kwa majibu ya "hana kitu" huku mwanawe bado anatetemeka kitandani. Najua wengi mnaficha kwa kuogopa polisi. Mimi nikiuliza, nataka kujua nianzie wapi kumtibu.

Dawa mahususi ya kuiondoa sumu hii haipo. Tutapima sukari mapema, maana sukari ikishuka huleta vurugu zinazofanana na hizi. Fujo na degedege hutulizwa kwa diazepamu au lorazepamu. Kuna dripu, kuna kuupoza mwili, kuna kipimo cha umeme wa moyo, na damu huchukuliwa kuangalia figo na misuli. Akiwa anapumua kwa shida huku amesinzia, anaweza kupewa naloksoni. Haizimi bangi hiyo, bali huzima dawa za jamii ya afyuni, kama heroini, ambazo huenda alizitumia pia. Baada ya hapo mtaona kama tumekaa tu. Hatujakaa, tunamwangalia, na wengi hupata nafuu ndani ya saa kadhaa.

Akiruhusiwa, msimsahau. Mwaka 2018 kule Illinois, Marekani, bangi ya aina hii ilikutwa na brodifakumu, sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Waliougua walizidi 150, na tiba ni vitamini K kwa wiki nyingi, hata miezi. Kwa hiyo fizi au pua zikivuja damu, au mkojo ukiwa na damu, rudini hata kama siku zimepita. Rudini pia akipata maumivu ya kiuno pamoja na kutapika au mkojo kupungua, maana figo zinaweza kuwa zimeumia. Na kama alikuwa mvutaji wa kila siku, daktari aambiwe kabla hamjaondoka: akikatisha ghafla anaweza kukosa usingizi, kutapika, hata kupata degedege.