Jeshi la makarani: barua kwa mwanangu Baraka

Mwanangu Baraka,

Marahaba, baba. Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza. Upepo wa huko umemeza nusu ya maneno, ila maswali yako matatu nimeyapata. Umeuliza jeshi la Warumi liliwezaje kushika nchi nyingi vile kwa karne na karne. Umeuliza limetuachia nini sisi wa mbali. Na umeuliza kama kwenye ukuta wa Hadrian, ule wa Warumi huko kaskazini mwa Uingereza, ulikopanda na wenzako wa wodini, aliwahi kukaa Mwafrika hata mmoja. Unasema wenzako swali la kwanza walilimaliza kwa neno moja: ukatili. Nakujibu kwa maandishi kwa sababu kwenye simu baba yako angedakia na habari za mapanga.

Ukatili ulikuwepo na nitaufikia. Lakini kuteka nchi hata jambazi anaweza. Kuishika miaka mia tatu kunataka karani. Utasema nasema hivyo kwa kuwa nimezeekea kwenye madaftari ya mishahara ya shamba la mkonge. Sawa, sema, lakini soma kwanza.

Kusini kidogo ya huo ukuta kuna mahali panaitwa Vindolanda. Ngome ya hapo ni ya zamani kuliko ukuta wenyewe: ukuta ulianza kujengwa mwaka 122, na ngome ilikuwepo tangu miaka ya 80. Mwaka 1973 mchimbaji wa mambo ya kale, Robin Birley, alikuta kwenye tope vibao vyembamba vya mbao, ukubwa wa kadi ya posta, vimeandikwa kwa wino. Tope lile halipitishi hewa, ndiyo maana havikuoza. Tangu hapo vimepatikana mamia kwa mamia, na vingi viko British Museum. Wachimbaji wanaamini kikosi kilipohamishwa, karibu na mwaka 105, makaratasi ya ofisi yalirundikwa yachomwe moto, mvua ikauzima. Mvua hiyo hiyo unayoilalamikia kila wiki.

Kibao kimoja ni ikama. Kikosi cha kwanza cha Watungri, watu wa Ubelgiji ya leo, tarehe 18 Mei: jumla askari 752, wakiwemo maakida sita. Halafu karani anaanza kutoa. Walinzi wa mkubwa, 46. Walioko Coria, ndiyo Corbridge hapo jirani yako, 337, wakiwemo maakida wawili. Akida mmoja yuko London. Akijumlisha na waliotawanyika kwingine, wasiokuwepo ni 456, maakida watano kati ya sita hawapo. Waliobaki kituoni 296. Kati yao wagonjwa 15, majeruhi 6, wenye macho mekundu 10. Wanaofaa kwa kazi: 265. Nimezipiga hesabu zote, zinakubali. Wewe muuguzi utavutiwa na wale wa macho, wana safu yao peke yao. Mimi kilichonivutia ni kwamba mkuu wa ngome, katika kijiji cha mwisho wa dunia yao, akiamka asubuhi anajua ana watu wangapi, kila mmoja yuko wapi, na nani anakula bila kufanya kazi. Wapo mabosi nimewafanyia kazi wasiojua hayo.

Kibao kingine kinagawa kazi za siku moja: watu 343 wako karakana, kati yao mafundi viatu 12, na waashi 18 wamepelekwa kujenga bafu. Hao ndio wapiganaji wenyewe, mwanangu. Siku nyingi panga limetundikwa ukutani, mtu ameshika nyundo. Kuna Masclus, anamwandikia mkuu wake Cerialis kuuliza kesho waende wapi, na mwishoni anachomekea kwamba askari wenzake wameishiwa bia, tafadhali waletewe. Kuna askari aliyetumiwa soksi, makubadhi jozi mbili na chupi mbili, na barua ya kumwambia mzigo unakuja. Na kuna Octavius, mzabuni wa nafaka na ngozi, analia atumiwe dinari kama 500 haraka, la sivyo malipo ya awali aliyoweka, karibu 300, yatapotea. Anasema ngozi zake ziko Catterick, angekuwa ameshazifuata, ila hakutaka kuwaumiza wanyama wake wakati barabara ni mbovu. Tunaambiwa kila siku barabara za Warumi, barabara za Warumi. Muulize Octavius.

Sasa mshahara. Kule Masada, Uyahudi, imepatikana kwenye kipande cha mafunjo slipu ya askari wa miaka ya 70, jina lake Gaius Messius, mtu wa Beirut. Amepokea dinari 50. Makato: shayiri 16, chakula 20, viatu 5, mikanda ya ngozi 2, kanzu ya kitani 7. Jumlisha. Ni 50 kamili, hakubaki na senti. Ile shayiri huenda ni ya mnyama wake; kama ni hivyo, hata punda wa askari alilishwa kwa mshahara wa askari. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu hadi baba yako akatoka chumbani, kwa sababu nimeandika slipu kama hizo kwa mkono wangu: unga, jembe, gamubuti, mkopo wa duka la shamba, na chini mstari wenye sifuri. Mkata mkonge alikuwa anaigeuza upande wa pili kuangalia kama pesa imejificha huko.

Utauliza, mtu wa sifuri anabaki kambini kwa sababu gani? Anabaki kwa ajili ya mwisho wake. Mwaka 6 wa zama hizi Kaisari Augusto alianzisha mfuko maalumu wa kulipa askari wastaafu. Alitia mtaji wa kuanzia kutoka kwake, halafu ukalishwa na kodi mbili: asilimia 5 ya mirathi na asilimia 1 ya mauzo ya mnada. Matajiri wa Roma walinung'unika sana, hasa kwa ile ya mirathi. Askari wa lejioni, yaani vikosi vikuu vya raia wa Roma, akimaliza utumishi analipwa kiinua mgongo cha dinari 3,000. Na wale wasio raia, kama Watungri hao, au Wabatavi wa Uholanzi waliokuwa Vindolanda baada yao, walitumikia miaka 25 wakapewa uraia. Cheti chake kilikuwa mabamba mawili ya shaba yaliyofungwa pamoja kwa waya, yamepigwa mihuri ya mashahidi saba, na nakala kuu imebandikwa Roma. Kughushi kitu kama hicho si mchezo. Angalia basi: Wabatavi waliasi mwaka 69 wakawatoa Warumi jasho, na kizazi kimoja baadaye watoto wao wanailinda mipaka ya Roma kwa ahadi iliyo kwenye shaba. Hilo ndilo jibu langu la swali la kwanza.

Ila ahadi hiyo ilikuwa na makali upande wa pili. Kiinua mgongo mara nyingine kilitolewa kwa ardhi, na ardhi ilikuwa ya mtu. Colchester, kusini huko, askari wastaafu waliwafukuza wenyeji kwenye mashamba na nyumba zao. Karibu na mwaka 60 jirani yao, mfalme wa Waiseni, akafa. Maofisa wa Kirumi wakaingia kuorodhesha na kuchukua kila kitu, mjane wake Boudica akachapwa viboko, binti zake wakanajisiwa. Boudica akachoma Colchester, akachoma London, akachoma St Albans. Na mwaka ule ule wa mfuko wa wastaafu, huko Uyahudi liwali Kirenio, yule tunayemsikia kila Krismasi, aliandikisha watu na mali zao kwa ajili ya kodi, Yuda wa Galilaya akanyanyua watu kupinga. Daftari linalomlipa Messius lazima lijazwe na mtu mwingine. Wenzako wa wodini hawakukosea, wamekata tu hadithi katikati.

Na askari wenyewe walipojua kwamba wao ndio wenye hesabu, mambo yaliharibika. Mwaka 193 walinzi wa Kaisari pale Roma walimuua Kaisari wao Pertinax, wakakiuza kiti kwa mnada. Nasema mnada, si kwa kutia chumvi: mmoja yuko ndani ya kambi anataja bei, mwingine nje ya ukuta anapandisha. Wa nje, Didius Julianus, akashinda kwa dinari 6,250 kwa kila askari. Alitawala siku 66 akauawa.

Swali la pili nalipitia haraka. Kalenda unayopangia zamu zako ni ya Julius Caesar, iliyoanza Januari mwaka 45 kabla ya Kristo, pamoja na ule mwaka mrefu kila baada ya miaka minne. Papa Gregori aliirekebisha kidogo mwaka 1582. Herufi ninazokuandikia ni zao, zimekuja kwetu kwa mkono wa wamisionari na serikali za kikoloni, wakati mababu wa pwani walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Na ile divisheni II yako iliyonifanya nichinje kuku imeandikwa kwa namba ambazo askari wa lejioni angezisoma bila kufundishwa.

La tatu. Jeshi lao kwetu halikufika. Walifika wafanyabiashara tu, kwa meli kutoka Misri iliyokuwa chini yao, wakishuka pwani yetu ya Afrika Mashariki hadi mji ulioitwa Rhapta kununua pembe za ndovu na magamba ya kasa. Lakini Waafrika wa kaskazini, huko kwenu walikuwepo, tena si mmoja. Septimius Severus, aliyekuja kuokota kiti baada ya Julianus, alizaliwa Leptis Magna, Libya ya leo, akafia York mwaka 211. Inasimuliwa aliwausia wanawe wapatane, wawatajirishe askari, wengine wote wawadharau. Katika karne hiyo ya tatu kikosi cha Wamauri, watu wa Afrika ya kaskazini-magharibi, kiliwekwa Burgh by Sands, karibu na mwisho wa magharibi wa ukuta.

Na South Shields, ambako unafika kwa treni ya Metro, kuna ngome inaitwa Arbeia. Humo lipo jiwe la kaburi la kijana Victor, Mmauri, miaka 20, aliyekuwa mtumwa kisha akaachwa huru na mpanda farasi mmoja aitwaye Numerianus, ambaye ndiye aliyemzika. Amechongwa amejilaza kwenye kitanda kama bwana mkubwa, mtumishi mdogo anampa kinywaji. Ulizia kwanza siku wanazofungua, halafu nenda ukiwa huna zamu. Nipigie picha, na usinikatie maandishi ya chini. Baba yako yeye anataka picha ya panga, kama lipo.

Mama yako,
Morogoro