Maswali na Majibu: Sisimizi Katika Hesabu za Ghala

Nauza vipuri vya magari Kirinyaga Road, Nairobi. Nimeshauriwa ninunue programu inayoiga sisimizi ili inipangie maagizo. Sisimizi wanahusikaje?

Kinachoigwa ni namna yao ya kutafuta. Sisimizi huacha harufu wanakopita. Njia fupi hupitwa mara nyingi zaidi, harufu yake hukolea na wenzao huifuata, ilhali ya njia ndefu hufifia. Mwaka 1992 Marco Dorigo aliieleza algoriti (mfuatano wa hatua ambazo kompyuta hufuata) ya aina hiyo katika tasnifu yake ya uzamivu huko Milano. Kwako wewe, njia ni mpango mzima wa maagizo: uagize nini, kiasi gani na lini. Kompyuta hubuni mipango mingi, hukadiria gharama ya kila mmoja, kisha huielemea ile iliyo nafuu.

Mimi huuza bidhaa moja tu, maji ya chupa. Nahitaji haya yote?

La. Kanuni ya Ford Harris ya mwaka 1913, ya kukokotoa kiasi nafuu cha kuagiza, inakutosha. Ukiuza katoni 1,600 kwa mwaka, kila agizo likikugharimu shilingi 2,000, na kuhifadhi katoni moja mwaka mzima shilingi 160, kiasi nafuu ni katoni 200 kwa agizo.

Basi algoriti hizi zinafaa lini?

Zinafaa pale bidhaa nyingi zinapogombania mtaji uleule na kontena lilelile kutoka Mombasa, huku muda wa mzigo kufika ukibadilikabadilika. Bidhaa 20, kila moja ikiwa na viwango 10 vya kuchagua, huzaa mipango ambayo idadi yake ni 1 ikifuatwa na sufuri 20, na hakuna kompyuta ya dukani itakayoipima yote. Algoriti hutafuta mpango mzuri bila kuahidi kwamba ndio bora kupita yote.

Hata hivyo, naona hatari kubwa zaidi imo katika daftari la mauzo. Pedi za breki zikikwisha kwa wiki mbili, mauzo husomeka sufuri, na programu huelewa kwamba hazitakiwi, kwa hiyo hupunguza agizo la bidhaa iliyokuwa ikigombaniwa. Waandikeni pia wateja walioondoka mikono mitupu.

Kati ya algoriti zinazoiga sisimizi, makundi ya ndege na urithi wa jeni, ipi ni bora?

Watafiti Wolpert na Macready walithibitisha mwaka 1997 kwamba hakuna inayozishinda nyingine katika matatizo yote. Mtake muuzaji apange maagizo yako ya mwaka uliopita kwa programu yake, akitumia tu taarifa ulizokuwa nazo wakati huo, kisha mlinganishe gharama na zile ulizolipa.