Uso, mgongo na mashine: kwa anayeanza kununua saa za zamani

Saa ya kwanza niliyonunua ili niiuze ilikuwa Seiko 5 yenye uso wa rangi ya chungwa, chungwa la kuumiza macho. Niliikuta sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, juu ya turubai, katikati ya mikanda na miwani ya mtumba. Muuzaji akaniapia kwamba ni ya miaka ya sabini na haijawahi kufunguliwa tangu itoke Japani. Nikatoa elfu sitini, nikaondoka haraka nisije nikaitwa, maana niliamini jamaa hajui anachouza.

Jioni nikaipeleka kwa mzee mmoja fundi saa, yuleyule aliyekuja kunifundisha kazi hii. Akaigeuza, akabana lenzi jichoni, akasoma mgongo: 6119. Akaitazama usoni, akaguna. Akafungua mfuniko, akaiinamisha kidogo ipate mwanga wa dirishani, akasoma kwenye mashine: 7009. Kisha akanirudishia huku anatabasamu.

"Mwanangu, hapa umenunua saa ngapi?"

Utani huo niliuelewa, lakini siku ile sikucheka. Mgongo ulikuwa wa saa moja, mashine ya saa nyingine, na uso ulikuwa umepakwa rangi na mtu ambaye hajawahi kukanyaga kiwanda chochote cha saa. Ilikuwa inatembea, tena vizuri tu. Ila haikuwa saa niliyouziwa.

Basi wewe unayeanza leo, uwe Mbeya, Iringa, Makambako au Tunduma, anzia pale nilipoangukia mimi. Saa iliyo orijino ni ile ambayo uso, mgongo na mashine vinatoa ushahidi mmoja. Kimoja kikipingana na vingine, bei inashuka papo hapo, hata kama saa inapendeza kuliko zote mezani.

Seiko 5 ndiyo utakayokutana nayo mara nyingi. Zilianza kutoka mwaka 1963, na nyingi utazitambua kwa ufunguo, kile kitufe cha pembeni cha kurekebishia saa, uliojificha jirani na namba 4, yaani saa kumi kwa hesabu yetu. Mgongoni kuna namba zilizogawanywa kwa kistari. Nne za kwanza ni za mashine, nne za nyuma ni za bodi. Sasa shika lenzi uangalie ukingo wa chini kabisa wa uso, chini ya namba 6. Kuna maandishi madogo ambayo kwa jicho tupu utadhani ni vumbi. Nne za kwanza hapo, kwa kawaida, zilingane na nne za kwanza za mgongoni. Zinazofuata hazitalingana, na usishtuke, kwa sababu zile ni za uso na hizi ni za bodi. Nimeona vijana wakikataa saa safi kabisa kwa kutojua hilo, na mimi nikaichukua nyuma yao.

Mgongoni kuna namba nyingine yenye tarakimu sita. Ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi: 1 hadi 9 kwa Januari hadi Septemba, 0 kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Tatizo ni kwamba muongo hautajwi. Saa inayoanza na 84 ni ya Aprili, lakini ya 1978 au 1988? Hapo mashine ndiyo inayoamua. Mashine ya 7S26, kwa mfano, ilianza mwaka 1996. Anayekuletea 7S26 na kuapa kwamba baba yake aliivaa mwaka 1978 anakuuzia mbuzi kwenye gunia, hata kama baba mwenyewe yupo pembeni anaitikia. Hesabu na vito pia, vile vijiwe vya ndani ya mashine ambavyo idadi yake huandikwa: 7009 ina vito 17, 7S26 ina 21. Uso ukitangaza 21 na mashine ikasema 17, umeshapata jibu.

Kwenye uso ndipo pesa ilipo, kwa hiyo hapo kaa sana. Nyuso nyingi zilizopakwa upya zinazofika kwetu zina rangi kali: chungwa, kijani cha kasuku, buluu ya sare za shule. Nyingi zimepitia mikono ya mafundi wa India, na mafundi wale ni hodari, usiwadharau. Lakini lenzi inawaumbua. Tazama kingo za herufi. Za kiwandani zimekatika kama zimekatwa kwa wembe. Za kupakwa zimevimba kidogo, kama wino ulioingia kwenye karatasi mbichi. Tazama vistari vya dakika kama vyote vina urefu mmoja na vinaishia mahali pamoja. Tazama ndani ya kidirisha cha siku na tarehe, rangi hupenda kumwagikia ukingoni pale. Kisha tafuta ile namba ndogo ya chini. Mara nyingi mpakaji huisahau, au huandika namba moja kwenye nyuso za saa kumi tofauti.

HMT za India nazo zinakuja nyingi. Nyingi ni saa za ufunguo, yaani za kutia kwa mkono, zilianza kutengenezwa mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen ya Japani, na ile ya Janata ni saa ngumu ambayo mimi binafsi naipenda. Ila ukiona HMT yenye uso mweusi unaong'aa kama kiatu cha askari, fikiria mara mbili.

Wanunuzi wapya hushangaa nikiwaambia kwamba uso uliofifia, wenye madoa ya umri na rangi iliyogeuka kama maziwa yaliyokaa, una thamani kuliko uliopakwa upya ukametameta. Uso ukishapakwa haurudi tena. Vivyo hivyo kwa bodi iliyopigwa msasa na polishi. Yale masikio yanayoshika mkanda yalitoka kiwandani na kona kali. Ukiyakuta yameviringika kama sabuni iliyotumika, kuna mtu kakata chuma ili kuondoa mikwaruzo. Kioo tu ndicho usikihofie. Saa nyingi za zamani zina kioo cha plastiki, mikwaruzo yake inatoka kwa dawa ya meno na kitambaa laini, dakika kumi tu, na muuzaji asiyejua hilo atakupunguzia bei bila kuombwa.

Rangi ya kuwaka gizani ni ushahidi mwingine. Saa ya Uswisi iliyoandikwa T SWISS T chini ya uso ilipakwa tritiamu, kitu chenye mionzi kinachoifanya rangi iwake yenyewe, na nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na ushei. Matumizi yake kwenye rangi za saa yaliisha mwishoni mwa miaka ya 90. Kwa hiyo mulika uso kwa tochi ya simu, kisha ingia chumba chenye giza. Ikiendelea kuwaka vizuri baada ya dakika kumi, uso au mishale si ya zamani. Saa za kale zaidi, za kabla ya miaka ya 60 kwisha, nyingine zilipakwa radiamu, yenye mionzi mikali zaidi. Hiyo hata isipowaka bado ina sumu ya mionzi. Usiikwangue, usiipulize, funga mfuniko uwaachie wanaojua.

Sasa hadithi. Mbeya hatuishiwi hadithi za TAZARA. Kila saa ya Kichina inayotokea hapa, utaambiwa iliachwa na mhandisi aliyejenga reli. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, Wachina walikuwepo kwa maelfu, na saa za Shanghai zilikuwa zinatengenezwa tangu miaka ya 50, kwa hiyo hadithi inawezekana. Mimi huisikiliza yote, hata chai nanunua, ila silipii. Hadithi ikija na picha ya mtu ameivaa, au maandishi ya zawadi ya utumishi yaliyochorwa mgongoni yenye jina na mwaka unaokubaliana na namba za saa, hapo tutaongea.

Kwa mashine, anza na sikio. Saa ya betri hupiga mara moja kwa sekunde na mshale unaruka. Saa ya mashine hupiga mara tano, sita au nane kwa sekunde, na mshale unateleza. Ukiletewa "Rolex" ya zamani na mshale wa sekunde unarukaruka, rudisha kwa heshima, salimia, endelea na safari. Kuna programu za simu zinazosikiliza mapigo na kukwambia saa inawahi au inachelewa sekunde ngapi kwa siku. Ziweke. Pima ikiwa imelala chali, pima ikiwa imesimama. Tofauti ikiwa kubwa mno baina ya mikao hiyo, mhimili wa balansi, lile gurudumu linalokwenda na kurudi, umechoka au mafuta yamekauka.

Ikiwahi kwa dakika nyingi, usikate tamaa mapema. Isogeze karibu na dira. Sindano ya dira ikitikisika, saa imeshika sumaku, labda ililala juu ya spika ya redio. Kutoa sumaku ni kazi ya sekunde chache kwa fundi mwenye kifaa. Omega moja niliipata Mafinga kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe alichoka nayo: "inakimbia kama pikipiki." Nikaitoa sumaku, ikatulia. Kabla ya kulipa niliifungua mbele yake, nikaona mashine ya rangi ya shaba nyekundu, kama zilivyo nyingi za Omega za miaka ya 50 na 60, ina namba yake ya utambulisho, na kwenye ufunguo ile alama ya Ω ilikuwa bado ipo. Alama hiyo hupotea kirahisi, maana ufunguo ukiharibika mafundi wengi huweka wowote unaoingia.

Seiko nyingi za zamani za otomatiki hazitiwi ufunguo kwa mkono, kwa hiyo usikae unazungusha. Itikise nusu dakika, kisha ivae mchana kutwa. Usiku iweke mezani. Asubuhi ukiikuta imesimama, hesabu gharama ya kusafisha. Na tarehe usiibadilishe kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi alfajiri kwa jinsi mishale inavyosoma, kwa sababu meno ya gurudumu la tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja mbele ya muuzaji. Likitokea hilo, umeinunua.

Kipimo changu cha maji ni baridi yetu. Mwezi wa sita na wa saba, asubuhi ya Mbeya, vaa saa ndani ya koti hadi ipate joto, kisha itoe nje kwenye umande. Kioo kikifunga ukungu kwa ndani, mpira wa mfuniko umekufa na unyevu umeshaingia. Ukungu ukiondoka usidhani kutu nayo imeondoka. Fungua uangalie skrubu; zikiwa na rangi ya udongo mwekundu, achana nayo au lipa bei ya spea tu.

Kuhusu thamani, mtandaoni tazama bei ambazo saa zimeuzwa kweli, usitazame zinazoombwa. Kuomba kila mtu anaomba. Kisha rudi nyumbani kiakili: nani atainunua hapa? Saa nyingi za Uswisi za zamani zina upana wa milimita 33 hadi 36, na kijana wa leo akiivaa atakwambia ni ya kike. Walimu wastaafu wanazipenda, lakini hupatana bei wiki nzima. Seiko 5 inaondoka siku hiyohiyo. Kwa hiyo mimi huanza na bei ninayojua itanunulika, natoa usafi wa mashine, natoa kipuri, natoa faida yangu, na kinachobaki ndicho ninachomtajia muuzaji. Kikiwa kidogo kuliko anachotaka, tunaagana vizuri. Iliyopakwa dhahabu, iliyoandikwa "20 microns", ikishachubuka masikioni hairudi, kwa hiyo usiilipie kama dhahabu. Dhahabu yenyewe hugongwa 750, 585 au 375 ndani ya mfuniko. Saa iliyokufa yenye uso mzuri inunue pia, utaichinja kwa ajili ya nyingine.

Na unapochinja, sema. Nina kijitabu cha risiti na kila saa naandika yake: mashine namba fulani, uso wa asili au uliopakwa, ufunguo umebadilishwa, mpira mpya. Ile ya chungwa niliiuza kwa dereva wa lori wa njia ya Tunduma kwa elfu arobaini na tano, risiti ikisema "saa tatu ndani ya moja." Alicheka, akaivaa, na mwezi uliofuata akaniletea mwenzake anayetaka ya kijani.