Je, Usemi wa Mama Unaweza Kuonyesha Kupungua kwa Kumbukumbu?

SWALI: Mama yangu, mwenye miaka 71, siku hizi husitasita akitafuta jina la kitu alichokishika mkononi. Je, ni kweli kwamba kompyuta hutambua ugonjwa wa kusahau kwa kusikiliza mazungumzo? – Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwa kiasi. Watafiti wengi hutumia picha ya kipimo cha Boston cha matatizo ya lugha, kilichochapishwa mwaka 1972: mtoto amepanda kigoda akichukua biskuti, huku mama akifuta sahani na maji ya sinki yakimwagika. Mtu anapoieleza, programu hupima muda anaonyamaza kati ya maneno, na mara ngapi anasema "kile kitu" badala ya "kigoda". Hata hivyo, sonona, uziwi au upungufu wa vitamini B12 pia huweza kuvuruga usemi au kumbukumbu, na mengi ya hayo hutibika. Isitoshe, programu nyingi zimefunzwa kwa Kiingereza; nisingependa mama yako ahukumiwe nazo. Mrekodi, kwa ridhaa yake, akisimulia anavyopika samaki wa kupaka, kisha mwende na rekodi hiyo kwa daktari.