Ripoti, Nguo na Kazi: Wanakoanzia Watoto Kununiana Likizoni

Mama mmoja wa Sengerema ameniandikia ujumbe mrefu na kuniruhusu niuzungumzie bila kumtaja jina. Kijana wake mkubwa amerudi kutoka shule ya bweni, na tangu alipofika nyumba haijatulia: mdogo wake wa kike hataki kula naye sinia moja, kitinda mimba amefundishwa kumwita "mgeni", na mama mwenyewe, ambaye mwaka mzima alitamani kuwaona watoto wake wote chini ya paa moja, sasa anatamani shule zifunguliwe kesho. Anauliza afanye nini ili Krismasi isipite watoto wakiwa wamenuniana.

Namjibu hadharani kwa sababu nyumba nyingi za Mwanza, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, zina shida hiyo hiyo kila Desemba. Wengi watamtuliza kwa kumwambia kwamba wagombanao ndio wapatanao, au kwamba ndugu wakigombana yeye achukue jembe akalime. Sikubali methali hizo zitumike kumruhusu mzazi akae kimya. Ugomvi wa watoto likizoni una chanzo, na mara nyingi chanzo hicho tunakiweka sisi wazazi kwa kuwapima watoto wetu mbele za watu na kuwagawia bila usawa.

Mimi nimekulia Nansio, Ukerewe. Kaka yangu alisoma bweni Mwanza mjini, na siku ambayo meli ya MV Clarias ilikuwa inamleta, kila mmoja wetu alipewa kazi: mimi niteke maji, mdogo wetu afagie uwanja, mama amtafutie sato mkubwa, ilhali miezi yote tulikuwa tumekula dagaa kwa ugali wa muhogo bila kunung'unika. Kuanzia usiku huo kitanda kilikuwa chake, na sisi tulitandikiwa mkeka. Hayo ningeyavumilia. Lililonichoma ni siku ya Krismasi yenyewe, baada ya ibada, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, baba alipoagiza ripoti zetu za shule ziletwe akazisoma kwa sauti, ya kaka kwanza, kisha yangu. Kaka hakuwahi kushuka chini ya nafasi ya pili. Mimi nilikuwa mtoto wa katikati ya darasa, mwenye bidii yake, lakini kwa kusomwa baada yake nilionekana mzembe, na baba mdogo mmoja alizoea kusema kwamba ada yangu ingefaa zaidi kununulia nyavu. Watu walicheka, na kaka naye akacheka. Maneno ya baba mdogo yamefifia, ila kicheko cha kaka nakisikia mpaka leo.

Tukakua hivyo. Kwa miaka mingi tulikuwa watu wa kukutana misibani na harusini, tukisalimiana kwa adabu na kuachana. Ni baada ya kumzika baba ndipo kaka aliponiambia kwamba naye aliiogopa siku ile kuliko siku zote za mwaka, kwa kuwa alijua kwamba siku atakayoshuka nafasi mbili tatu yeye ndiye atakayechekwa, na kwamba alicheka kwa hofu. Watoto wawili waliolala tumbo moja, kila mmoja akiishi kwa kumwogopa mwenzake, na wote wawili hawakuwa wamekosana jambo lolote. Siwezi kuliandika hili bila uchungu.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza wanafunzi bora na shule bora. Wapo waliolalamika, mimi nilishukuru. Lakini yaliyoachwa na Baraza bado yanaendelea sebuleni kwetu, tena mbele ya wageni wengi zaidi, kwa kuwa tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, ndugu wa Sengerema na Geita waliokuwa wakikaa foleni ya kivuko wanafika mjini asubuhi na kurudi jioni ile ile. Nawapokea kwa furaha, ila kila mmoja huja na swali moja: "Nani kawa wa ngapi?" Nyumbani kwangu Buhongwa swali hilo halijibiwi, hata aulize shangazi mkubwa. Ripoti ya mtoto tunaisoma mimi, baba yake na yeye mwenyewe, chumbani, kabla sikukuu haijaanza kunukia, na nduguze hawaelezwi kilichomo.

Nguo nazo zina kisa cha zamani. Wakristo tunasoma katika Mwanzo 37 jinsi Yakobo alivyomfanyia Yusufu peke yake kanzu, na nduguze wakashindwa kusema naye kwa amani. Waislamu wanasoma katika Sura ya 12 ndugu hao hao wakilalamika kwamba Yusuf na mdogo wake wanapendwa zaidi na baba yao. Mtume Muhammad naye alimwambia sahaba aliyempa mwanawe mmoja zawadi bila kuwapa wengine kwamba amche Mungu na afanye uadilifu baina ya watoto wake. Mzazi anayesoma maneno haya kisha akamnunulia kifungua mimba viatu vipya kwa sababu "amefaulu", na wengine akawaambia wasubiri Pasaka, anategemea nini? Sisi tunatenga kiasi kimoja kwa kila mtoto, na kila mmoja anachagua mwenyewe katika mitumba ya Mlango Mmoja. Desemba hii binti yangu alipungukiwa fedha za viatu alivyovipenda, na kaka yake, bila kuambiwa na mtu, akarudisha shati aliloshika, akachukua la bei ndogo, akamwongezea. Niligeuka pembeni nikafuta machozi, na nitajivunia kijana yule maisha yangu yote.

Sasa nirudi kwa mama wa Sengerema. Kijana wako, mama, si mgeni, na wadogo zake wanamwita hivyo kwa sababu wanaona anapokewa kama mgeni. Mpe ndoo leo. Aoshe vyombo pamoja na dada yake, achambue dagaa pamoja na kitinda mimba, na mkubwa ndiye aanze, kwa maana mdogo hujifunza upole kwa kuhudumiwa na mkubwa wake. Kama alirudishiwa kitanda kwa kuwahamisha wengine, kaeni wote mpange zamu. Mbele ya wageni msifu binti aliyekusaidia mwaka mzima kaka yake akiwa mbali, maana kazi yake haiandikwi katika ripoti yoyote. Wazazi wenzangu, tusihubiri upendo kanisani na msikitini kisha tukirudi nyumbani tukawapanga watoto wetu kwa nafasi.

Umeniuliza pia kama umpeleke kijana kwa mjomba wake Geita mpaka shule zifunguliwe Januari. Usimpeleke. Akiondoka sasa, dada yake ataamini kwamba ameshinda na yeye ataamini kwamba amefukuzwa, na likizo ijayo mtaanza mahali pabaya kuliko hapa. Mwombe mjomba aje yeye, na mpigie simu mapema umwambie kwamba habari za nafasi darasani haziulizwi nyumbani kwako.