Kisu Kimoja, Maswali Mengi: Majibu kwa Wanaopasuliwa Kupunguza Uzito

Barua za wiki hii zote zimetoka kwa watu waliopasuliwa ili wapunguze uzito, au wanaokaribia kupasuliwa.

Daktari amekubali kunipasua, lakini ameniagiza nionane kwanza na mwanasaikolojia. Kwani ameniona mwendawazimu? Na nikisema kwamba huamka saa nane usiku kula, si nitanyimwa upasuaji? (Buruburu)

Hakuna aliyekuona mwendawazimu, dada. Kama unavyopimwa moyo na sukari, ndivyo unavyoulizwa chakula kinakufanyia kazi gani maishani. Kuna anayekula kwa njaa. Kuna anayefika nyumbani saa tatu usiku kutoka kwenye msongamano wa Barabara ya Jogoo, watoto wamelala, na sahani ya chapati ndiyo ya kwanza kumpokea kwa upole tangu asubuhi.

Upasuaji unaofanywa zaidi siku hizi huondoa karibu asilimia 80 ya tumbo la chakula, na homoni ya njaa iitwayo ghrelini hushuka. Njaa itapungua. Upweke wa saa nane usiku utakukuta pale pale, na kile ulichozoea kuutuliza nacho hakitaingia tena. Ndiyo maana nakusihi useme. Kukataliwa kabisa ni nadra. Mara nyingi upasuaji husogezwa mbele kidogo ili ulaji usiozuilika, msongo wa mawazo au pombe vishughulikiwe kwanza. Nunua daftari leo. Kila usiku unapoamka andika saa, ulichokula, na ulichokuwa ukihisi kabla ya kufungua sufuria. Nenda nalo kwa mwanasaikolojia. Hayo ya mwisho ndiyo atakayotaka kuyasikia.

Nimepungua kilo 38. Kwenye chama wananong'ona kwamba nina ugonjwa. Mama mkwe naye hukasirika nikila vijiko vitatu. Anayejua siri ni mume wangu tu. (Umoja)

Pole sana, mama. Mtu akikonda ghafla hapa kwetu, watu humtangazia ugonjwa kabla hajaketi. Huna deni la kumweleza kila mmoja. Lakini siri inayobebwa na watu wawili ni nzito, na nimeona wengi wakila kupita kipimo ili tu wasiulizwe, kisha wakatapika chooni wakilia. Chagua mwanachama mmoja unayemwamini, umwambie.

Kwa mama mkwe, mume wako ndiye atangulie. Amwambie mamake kwamba ulipasuliwa na kwamba daktari amekupa kipimo. Kwa mama aliyepika tangu alfajiri, kukataa sahani ni kumkataa yeye. Kwa hiyo fika mapema, keti naye jikoni, onja taratibu, kisha umwombe akufungie kingine uende nacho. Lijaribu ombi hilo kwa sauti nyumbani kabla ya Jumapili. Mazoezi ya namna hiyo ni sehemu halisi ya tiba ya mazungumzo.

Nilifanyiwa baipasi ya tumbo mwaka na nusu uliopita. Zamani nilimaliza chupa sita, sasa mbili zinatosha. Si ni nafuu ya mfuko? (Rongai)

Si nafuu, ndugu yangu. Baada ya baipasi, yaani upasuaji unaopunguza tumbo na kukifanya chakula kiruke sehemu ya utumbo, pombe huingia kwenye damu haraka na kwa wingi zaidi, kwa hiyo baada ya chupa hizo mbili usiguse usukani. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2012 uliofuatilia karibu wagonjwa 2,000 wa upasuaji wa kupunguza uzito ulikuta matatizo ya pombe kwa asilimia 7.6 kabla ya upasuaji, 7.3 mwaka wa kwanza, na 9.6 mwaka wa pili. Mwaka wa pili ndio huo uliomo, na ndio ambao watu wengi huwa wameshaacha kwenda kliniki. Rudi.

Nikijisikia vizuri, niache dawa za msongo wa mawazo? (Kasarani)

Usiziache peke yako. Upasuaji unaweza kubadilisha jinsi mwili unavyofyonza dawa, kwa hiyo aliyekuandikia ndiye aamue kipimo.

Nina miaka 26. Wote wananipongeza, lakini kwenye kioo namwona yule wa zamani, na siku nyingine natamani nisiamke. Naona haya kusema, familia iliuza shamba kunilipia. (South B)

Mwanangu, asante kwa kuandika. Akili huchelewa kuujua mwili mpya, na ngozi iliyolegea huichelewesha zaidi. Hilo tutalifanyia kazi taratibu. Hilo la kutamani usiamke halingoji. Madaktari wanajua kwamba baadhi ya waliopasuliwa hufikia hapo, hata wakiwa wamepungua vizuri, kwa hiyo hujawaangusha waliokulipia.

Usiogope sheria pia. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa, kinakiuka Katiba.

Usilale peke yako usiku huu. Mtumie mmoja wa nyumbani ujumbe: "Siko sawa, njoo ukae nami." Wazo likikuzidi, mwambie akupeleke hospitali iliyo karibu, kitengo cha dharura, saa yoyote, na mkifika mseme wazi kwamba ulipasuliwa na kwamba unafikiria kufa. Kisha niandikie kesho. Nitakuwa nikisubiri.