Shule ya taarab ya mtaani: vuli hii ombeni nyuzi, msiombe "msaada"

Wiki hii nimepata ujumbe wa msomaji wa Pemba. Yeye na wenzake wanafundisha taarab na kidumbak, ndugu yake wa ngoma na kucheza, bila malipo, na wanataka mtaa uwaunge mkono vuli hii. Anauliza barua ya kuomba msaada waiandike kwa nani.

Ndugu yangu, barua iwekeni kando kwanza. Fungueni kabati la ala. Kilichokatika, kilicholegea na kilichoota ukungu humo ndicho cha kuuomba mtaa, kimoja kimoja na kwa jina lake.

Nasema hivi kwa uchungu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi cha Unguja kilianza mwaka 2002, na kikawa mahali ambapo kijana asiye na ala nyumbani angeweza kushika udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, na kufundishwa. Mwaka 2019 ikatangazwa kuwa kiko hatarini kufungwa kwa sababu fedha za wafadhili wa nje zilikuwa zinakwisha. Mfadhili mkubwa akiondoka, huondoka na kila kitu. Wakazi hamsini waliotoa kidogo kidogo hawaondoki siku moja.

Turudi kabatini. Vuli ya kwetu, Oktoba hadi Desemba, huharibu ala kwa unyevu. Ala za mbao hutulia unyevu wa hewa ukiwa asilimia 45 hadi 55, na pwani mara nyingi hupita 70. Anzeni na ganuni, ala bapa ya nyuzi nyingi, kama mnayo, maana ndiyo huumia zaidi. Ya kawaida ina nyuzi 78 hivi, tatu tatu kwa kila sauti, na daraja lake, kibao kinachobeba nyuzi, limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinyonya unyevu hulegea, daraja huzama, sauti zote hushuka. Mwenye haraka atakaza nyuzi asubuhi ya mvua. Mchana jua likitoka ngozi hujivuta, nyuzi hukatika, au ngozi yenyewe huchanika, na hiyo ni hasara kubwa. Kwa hiyo iwekeni ala saa nzima katika chumba mtakachopigia, feni ikizunguka bila kuielekea, ndipo mtyuni. Tyuni mara mbili: mzunguko wa kwanza wa haraka, wa pili wa makini, kwa sababu mkikaza upande mmoja, ngozi husogea na upande wa pili hushuka.

Udi una nyuzi 11, jozi tano na mmoja wa besi, na zote huvuta daraja lililogandishwa kwa gundi tu. Pitisheni ukingo wa karatasi nyuma ya daraja. Karatasi ikiingia, legezeni nyuzi zote siku hiyohiyo, kisha mpelekee fundi. Msitie gundi nyeupe ya seremala: hata ikikauka huteleza polepole ikivutwa, na fundi atapata kazi ya kuikwangua. Kigingi cha kukazia uzi kikigoma kwa kuvimba, msikilazimishe, mtapasua shingo. Kitoeni, mkisugue kwa sabuni ya mche kavu. Kinachoteleza hupakwa chaki.

Uta wa fidla ulegezwe kila baada ya kupiga. Ndani ya visanduku wekeni zile chembe za kunyonya unyevu, gramu 50 hadi 100 kwa kila kimoja. Kile kipakiti kimoja cha boksi la viatu hakitoshi. Mchele ni mtego, huleta fukusi.

Vidumbak, zile ngoma ndogo za udongo, hukazwa kwa makaa, si kwa ndimi za moto. Kizungusheni, na mkono wenu ukishindwa kuvumilia joto, ngozi nayo imeshindwa: itapasuka ukingoni. Ngozi mpya ilazwe majini usiku kucha, ivutwe ikiwa mbichi, ikaukie kivulini. Cherewa (kayamba za kutikisa) na mkwasa (vijiti vya kugonganisha) watoto watatengeneza wenyewe.

(Wasomaji walio Ulaya na Marekani, kwenu ni kinyume. Mashine za joto zikiwashwa Oktoba, hewa ya ndani hukauka sana, vigingi huteleza na uso wa udi hupasuka. Kwenu ni kuongeza unyevu, na ala ikae mbali na kipasha joto.)

Sasa orodha. Iandikeni kwa herufi kubwa, ibandikeni barazani au dukani: "Nyuzi za udi, seti moja. Ngozi ya mbuzi, moja. Mkaa, debe moja. Kitambaa cha kufunikia ganuni, mita mbili." Muuza nyama ana ngozi, fundi cherehani ana mabaki ya kitambaa, seremala ana kreti la kutengenezea sanduku. Mtu husita kutoa fedha asizoona ziendako. Ngozi ataisikia ikilia. Kikipatikana kitu, kifuteni na muandike aliyetoa, akiridhia.

Sheha, kiongozi wa mtaa, aarifiwe mapema, kabla hajasikia ngoma. Masomo yawe baina ya alasiri na magharibi, na mnyamaze dakika kumi kabla ya adhana. Panapofundishwa wasichana, mwalimu wa kike au mama mmoja awepo tangu mwanzo hadi mwisho. Hapa shule nyingi hupoteza wanafunzi, na wazazi wana haki.

Onyesho msiliweke Novemba, kidato cha nne wako kwenye mtihani. Desemba shule zimefungwa, nyumba zimejaa. Anzeni na bashraf, kipande cha ala bila kuimba, kisha nyimbo tatu, kidumbak kije mwisho. Kikitangulia, hakuna atakayekaa kuusikiliza udi. Kuhusu kutunza, tangazeni kabla ya wimbo wa kwanza kwamba tunzo zote za siku hiyo ni za shule. Msipotangaza, mwimbaji atahesabu kuwa ni zake, na hatakosea kwa desturi yetu. Mzazi mmoja na mwalimu mmoja wahesabu mbele ya watu, kiasi kiandikwe kwenye orodha ileile.

Jambo la kuiga kutoka Old Town School of Folk Music ya Chicago, iliyofunguliwa 1957: huko, baada ya darasa, wanafunzi wa ngazi zote hukusanyika kupiga pamoja. Fanyeni hivyo kila wiki, dakika ishirini. Chagueni wimbo wenye kiitikio kifupi na sauti chache, ili aliyeanza juzi ashike mkwasa au apige nyuzi mbili za udi karibu na aliyekwisha iva.